Mwulize Saisi: Farasi Wako Kavaa Nini, na Umemwambia Nani?

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa vifaa. Nilitaraji maswali ya majani na kwato, kumbe wasomaji wanataka kujua farasi wa mbio anaruhusiwa kuvaa nini, na nani anayeamua. Nimefurahi. Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka 22, kisha miaka 9 nikawa mkaguzi wa vifaa: yule mtu mwenye orodha mkononi anayekusogelea farasi akiwa amekwisha tandikwa, anachungulia chini ya hatamu, anavuta mkanda wa tumbo, anauliza, "Hiki ulikitangaza?" Wapo wakufunzi wasionisalimu mpaka leo. Haya, tuanze.

*Shikamoo Mzee Saisi. Mimi hutazama mbio za Uingereza na za Hong Kong kwenye runinga. Katika orodha ya mbio, ubavuni mwa jina la farasi, naona herufi b, v, p, t, na mara nyingine namba 1. Shemeji yangu anasema ni alama za ubora, na b ndiye bora kuliko wote. Ameshaweka dau mara tatu kwa hesabu hiyo. Ni kweli?*
*— Msoma Orodha*

Marahaba. Mwambie shemeji afunge pochi. Herufi hizo hazisemi farasi ni bora wala ni dhaifu. Zinasema amevaa nini.

Kwa Waingereza, b ni vidoto, yale makingio ya plastiki yaliyoshonwa kwenye kofia ya kitambaa kandokando ya macho. Herufi v ni vidoto vilivyotobolewa dirisha dogo, na p ni vipande vya manyoya ya kondoo vinavyofungwa mashavuni kwenye mikanda ya hatamu. Ukiona h, farasi kavaa kofia inayofunika masikio. Ukiona t, ulimi wake umefungwa kamba. Hilo tutalifikia, maana kuna msomaji ameniandikia kwa hasira. Namba 1 maana yake ni kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kukivaa kifaa hicho. Hong Kong wana utaratibu ninaoupenda zaidi: 1 ni mara ya kwanza, 2 ni kifaa kilichowahi kuvuliwa na sasa kimerudishwa, na alama ya kutoa ni kifaa kilichovuliwa. Mpenzi wa mbio anaisoma historia nzima ya kichwa cha farasi kwa herufi mbili tatu. Wafaransa, kwenye mbio zao za farasi wa kukokota vigari, wanaandika mpaka miguu: D4 ni farasi aliyevuliwa viatu vya chuma miguu yote minne, DA ya mbele tu, DP ya nyuma tu.

Sasa kwa nini yote haya yaandikwe? Chukua farasi aliyekimbia mara sita akishangaashangaa kama mtoto sokoni, akamaliza mkiani. Mara ya saba anavalishwa vidoto, anatoka mlangoni kama jiwe la kombeo. Asubuhi ya siku hiyo nani alijua kwamba atavaa? Mkufunzi, saisi, mpandaji, na labda binamu ya saisi. Kama ni hao tu, basi kila aliyeweka dau pembeni ya uwanja ameibiwa mchana kweupe. Ndiyo maana kifaa hutangazwa pamoja na jina la farasi, siku moja au mbili kabla ya mbio, na kikishatangazwa huna ruhusa ya kubadili mawazo. Uliyetangaza vidoto, farasi wako atavaa vidoto. Usiyetangaza, hata ukivileta vya dhahabu havipandi kichwani. Australia wanakaza zaidi: kifaa ukishamvalisha, ataendelea nacho mbio baada ya mbio mpaka wasimamizi wakuruhusu kukivua.

Watu wengi hudhani kanuni za vifaa ni orodha ya ruhusa na marufuku. Marufuku yapo, kifaa cha umeme kwa mfano hakuna pa kukipeleka. Lakini katika miaka yangu 9 ya ukaguzi, kesi nyingi zilizonipitia hazikuwa za kifaa kiovu. Zilikuwa za kifaa halali kabisa ambacho mtu hakukisema.

Na mimi mwenyewe nimo. Mwaka wangu wa pili zizini, nikiwa na usingizi wa safari ya usiku, nilibeba mfuko usio wangu. Farasi wetu alitangazwa kuvaa vidoto. Mfukoni nikakuta manyoya ya mashavuni tu. Nikajiambia, si yote yanaziba macho? Nikamvalisha. Mkaguzi alinitazama, akayatazama manyoya, akaitazama orodha, kisha akanitazama tena kwa muda mrefu sana. Mwenzangu mmoja alikimbia kuazima vidoto kwa zizi la jirani, vikamkaa farasi kichwani kama kofia ya baba kwa mtoto, tukachelewa kutoka, na mkufunzi akapigwa faini. Hakunifokea. Alinikabidhi risiti ya faini, akaniambia niitunze mimi.

*Babu, mimi niko darasa la tano. Nimeona farasi amefungwa macho halafu anakimbia. Haogopi? Hagongi watu?*
*— Mjukuu Mwenye Maswali*

Mjukuu wangu, hakufungwa macho. Neno kidoto ndilo linalokupoteza, maana zamani liliitwa hivyo tambara alilofungwa ngamia machoni akizungusha kinu cha mafuta, asione kizunguzungu cha kuzunguka palepale. Farasi wa mbio haachwi gizani. Anaona mbele vizuri. Kinachozibwa ni nyuma, na sehemu ya ubavuni.

Macho yako wewe yako mbele ya uso. Ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, kama digrii 350. Asipopaona ni nyuma kabisa ya mkia wake, na kipande kidogo mbele ya paji la uso. Ukiwa mnyama wa kuliwa na simba, macho ya namna hiyo ni neema. Ukiwa kwenye mbio ni kero tupu: anamwona aliye nyuma, anaiona fimbo ya jirani, anamwona mzee aliyevua kofia jukwaani. Farasi mmoja anaogopa yote hayo na kusogea pembeni. Mwingine haogopi chochote, ila anapenda wenzake kiasi kwamba akiwatangulia anapunguza mwendo awasubiri. Kidoto kinamwambia: tazama mbele, huko kwingine si kazi yako.

Sasa utauliza vile vyenye dirisha ni vya nini. Kuna farasi ukimziba moja kwa moja anajiona yuko peke yake duniani, akishika uongozi anastarehe. Huyo anahitaji kuona kivuli cha mwenzake kikija, ndipo akumbuke kwamba kuna kazi. Wengine, ukiwavalisha vidoto, wanapandwa na wazimu wa mbio: wanatumia nguvu zote nusu ya kwanza, mpandaji akivutana nao, na mita 200 za mwisho ni matembezi. Mkufunzi mzuri hujaribu nyumbani kwanza. Mkufunzi mvivu hujaribu mbele ya watu.

Waingereza wa zamani walikuwa wakimwona farasi mwenye vidoto wanasema huyo mkorofi, hataki kazi. Mimi huwajibu kwa jina moja: Secretariat, farasi wa Marekani, mwaka 1973. Alivaa vidoto vya mirabaraba ya buluu na nyeupe, rangi za mwenye mali, akashinda mbio zote tatu kubwa za farasi wa miaka mitatu kule kwao, na ile ya mwisho, Belmont, aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31. Kama huyo alikuwa mkorofi, Mungu atujalie wakorofi.

Kuna wakati farasi hufunikwa macho kabisa, nao ni mlangoni, wakati wa kumwingiza kwenye kibanda cha kuanzia. Hapo kitambaa kinaziba macho yote mawili ili asikione kile kichochoro cha chuma. Lakini mpandaji lazima akivute milango inapofunguka, na akichelewa kidogo tu, mbio zimekwisha kwake. Farasi hatoki gizani kwa ari. Wengine huvalishwa blanketi zito mgongoni na kiunoni, alilolibuni Monty Roberts, mfunza farasi wa Marekani, lisilomwachia farasi ahisi vyuma vikimgusa mbavuni. Linafungwa kwa nyuma kwenye kibanda: farasi anatoka, blanketi linabaki linaning'inia. Mara ya kwanza kuliona nilicheka, nikidhani farasi kavuliwa nguo zote.

*Mhariri, sina salamu. Nimeona saisi akiushika ulimi wa farasi, akauvuta nje, akaufunga kwa kamba kwenye taya. Huo ni ukatili. Mnaujua, mnaunyamazia. Kwa nini unaruhusiwa?*
*— Mpenda Wanyama*

Nakubali barua bila salamu, hasira yako ina msingi. Ngoja nikueleze kilicho mdomoni kwanza, halafu tugombane vizuri.

Farasi hapumui kwa mdomo. Hana uwezo huo. Hewa yote inapita puani. Akiwa mbioni kwa kasi, pumzi yake inafungamana na hatua: kila mruko mmoja, pumzi moja. Sasa kuna farasi ambao, wakichoka, kaakaa laini la nyuma ya mdomo linachomoka mahali pake na kupanda juu ya kilango cha koo. Njia ya hewa inazibwa nusu. Unamsikia akikoroma kama mtu anayesukutua maji, na hapohapo mwendo unakatika kana kwamba mtu kazima taa. Wengine wana tabia ya kuupandisha ulimi juu ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, wakishafanya hivyo mpandaji hana usukani. Kamba ya ulimi inawekwa kwa sababu hizo mbili.

Je, inasaidia? Kwa ulimi uliopanda juu ya lijamu, ndiyo, nimeona kwa macho yangu. Kwa kaakaa, matokeo ya uchunguzi wa madaktari wa mifugo hayajakubaliana: farasi wengine wanafaidika, wengine hakuna tofauti yoyote. Na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Uingereza inairuhusu, ila itangazwe. Ujerumani imeipiga marufuku kwenye mbio. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, ambalo halisimamii mbio bali kuruka viunzi na mengineyo, nalo haliitaki.

Mimi nimefunga ndimi nyingi, na nitakuambia nisichokipenda. Sipendi kufungwa mapema. Kamba inafaa ifungwe dakika za mwisho na ifunguliwe farasi akirudi tu, kabla ya picha, kabla ya kupeana mikono. Nimewahi kumkuta farasi aliyefungwa zizini, amesimama hivyo muda mrefu, udenda unatiririka, ulimi umeanza kuwa wa zambarau. Kamba yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya kiatu. Niliikata kwa kisu bila kumwuliza mtu, tukagombana na mwenye farasi hadi jioni. Kitambaa kipana na laini ni jambo moja; wenzetu wengi hutumia kipande cha soksi ndefu za nailoni za kina mama, na hakiumi. Uzi ni jambo jingine.

Mtazame pia farasi mwenyewe. Akitingisha kichwa, akirudi nyuma, akijaribu kuitoa kamba kwa mguu, kamba hiyo inamsumbua, na farasi anayesumbuka hakimbii. Ikiwa nchi yako itaipiga marufuku kesho, mimi sitaandamana.

*Je, uzito wa vidoto huhesabiwa kwenye mizani?*
*— Mwenye Haraka*

Kwa kanuni za Uingereza, hapana. Mpandaji anapimwa na tandiko lake. Kofia yake ngumu, fimbo, hatamu na kitambaa cha namba havihesabiwi. Akiwa mwepesi kuliko uzito aliopangiwa farasi, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa chini ya tandiko. Baada ya mbio anapimwa tena na tandiko hilohilo, na akipungua kupita kiasi kinachovumiliwa, ushindi unaondoka. Kwa hiyo chunga risasi, vidoto achana navyo.

*Mzee wangu, nimenunua nusu ya farasi (nusu ya mbele, natania) na ninapanga akimbie nchi zaidi ya moja. Mkufunzi ananiambia kila mahali kuna kanuni zake. Inawezekanaje kifaa kimoja kiwe halali huku na haramu kule? Farasi si yuleyule?*
*— Mmiliki Mpya*

Farasi ni yuleyule, wenye uwanja ndio wengine. Nikupe kisa kilichowapata wakubwa.

Mwaka 2012 farasi I'll Have Another alishinda Kentucky Derby na Preakness huko Marekani, mbili za kwanza kati ya zile tatu kubwa alizoshinda Secretariat, akiwa na plasta ya puani. Ni ukanda wa kubandika juu ya mianzi ya pua, mfano wa ule wanaoubandika watu wanaokoroma; unazuia nyama laini za pua zisinywee farasi anapovuta hewa kwa nguvu. Majimbo mawili zinakofanyika mbio hizo yaliuruhusu. Mbio za tatu, Belmont, ziko New York, na New York wakasema hapana. Hatukupata kujua ingekuwaje, maana farasi aliumia mshipa wa mguu akaondolewa siku moja kabla. Miaka miwili baadaye akaja California Chrome, naye kashinda zile mbili na plasta yake. Mkufunzi wake, Art Sherman, akadokeza kwamba wakimkatalia, huenda farasi asiende New York. Fikiria kelele zilizopigwa nchi nzima kwa ajili ya plasta! Tarehe 19 Mei 2014 wakaruhusu. Tarehe 7 Juni akakimbia nayo, akakanyagwa kisigino mwanzoni tu, akamaliza wa nne sare na mwenzake. Plasta haikumpa ushindi wala haikumnyima. Ila kisa kile kinakuonyesha: kanuni ilikuwa tofauti ndani ya nchi moja, safari ya saa chache, na hakuna aliyekuwa na sababu nzuri ya kueleza kwa nini.

Ndiyo maana Wamarekani waliunda chombo kimoja cha taifa, HISA, kwa sheria ya mwaka 2020, na kanuni zake za usalama zikaanza kazi Julai 2022. Angalia walivyoshughulikia viatu. Zamani kiatu cha mbele kiliweza kuwa na ukingo uliochomoza kwenye ncha ili mguu ushike udongo. Tatizo ni kwamba kwato ikitua inatakiwa iteleze kidogo kabla ya kusimama. Ukiikamata ghafla, mshtuko wote unapanda kwenye mishipa na mifupa ya mguu. Sasa miguu ya mbele hairuhusiwi kitu cha kushikia ila ukingo mzima usiozidi milimita 4. Hiyo ndiyo kanuni ninayoiita kanuni: ina sababu unayoweza kuigusa kwa mkono.

Fimbo nayo usiisahau, ni kifaa kama vingine. Norway walikataza kuitumia kumhimiza farasi tangu 1982. Uingereza inataka iwe ya kufyonza kishindo, isiyozidi sentimita 70, na tangu 2023 mpandaji anaruhusiwa kuitumia mara 6 kwenye mbio za tambarare na 7 kwenye za kuruka viunzi. Akizidisha mara 4 au zaidi, farasi anaondolewa kwenye matokeo. Wewe mmiliki ndiwe unayepoteza kikombe kwa mkono wa mtu mwingine, kwa hiyo ongea na mpandaji wako kabla.

Ushauri wangu: kabla farasi hajapanda ndege, mwombe mkufunzi aandike kila kitu farasi alichovaa mara ya mwisho, kuanzia masikioni mpaka kwatoni, aipeleke karatasi hiyo kwa wasimamizi wa kule na apate jibu la maandishi. "Nilidhani" haikubaliki kwenye chumba cha wasimamizi. Nilikuwa nikiisikia kila wiki.

*Shikamoo. Kwa nini farasi wengine wana gombo la manyoya juu ya pua? Mume wangu anasema ni urembo.*
*— Mama wa Nyumba ya Kijani*

Marahaba mama. Mume wako hakukosea sana, linapendeza kweli. Lakini kazi yake ni kumzuia farasi asione ardhi iliyo mbele tu ya kwato zake. Farasi mchanga akiona kivuli kinakimbia chini yake anaweza kukiruka kama mtaro, katikati ya mbio, na aliye mgongoni asiwe na habari. Gombo linaziba kipande hicho cha chini, na ili aone mbele inambidi ashushe kichwa, ambako ndiko tunakokitaka.

Huko Japani alikuwepo farasi mweusi-kahawia, Narita Brian, mwenye woga wa kivuli chake mwenyewe alipokuwa mdogo. Wakamvalisha gombo jeupe. Mwaka 1994 alishinda mbio tatu kubwa za umri wake, na watu hawakumwita tena kwa jina tu. Walimwita zimwi la gombo. Woga wenyewe, waliomtunza wanasema, ulikuwa umemtoka zamani. Gombo waliliacha palepale puani.